Mimi, Mkwe Wangu na Supamoto Hadi Bujumbura

Tangu nirudi hamnipi nafasi. Sokoni mnaniuliza, kanisani mnaniuliza, hata juzi nakoroga sabuni kwenye pipa mmoja wenu akaniinamia sikioni: "Mama Skola, eti ni kweli ulionekana unaingia Rumonge umemshika mkwe wako kiunoni?"

Ni kweli. Sasa nimeamua kuandika yote mara moja kwenye daftari hili. Lizunguke kwenu, anayejua kusoma asome, asiyejua asomewe, halafu mniache nikoroge sabuni yangu. Mambo ya maandalizi nayaruka. Nani alimpigia simu nani, na kitenge kilishonwa wapi, hayo hayawahusu.

Kilichonitoa nyumbani ni Nadine, mtoto wa marehemu mwanangu wa kwanza. Mnamjua, nimemlea mwenyewe tangu ana miaka mitatu. Jumamosi ile watu wa mchumba wake walikuwa wanakuja kumposa kule Bujumbura, nyumbani kwa kaka yangu Leonidas, mtaa wa Kanyosha, saa nane mchana. Kwenye ukoo wetu msichana hatoki peke yake mbele ya wakwe. Anatolewa chumbani ameshikwa mkono na aliyemlea. Nadine aliniambia kwenye simu, "Bibi, usipofika sitoki."

Mwingine angesema hayo ni maneno ya mtoto tu. Mimi namjua. Siku yake ya kwanza ya shule hapa, tumetoka kambi ya wakimbizi Tanzania hata mwezi haujaisha, nilimwambia, "Nisubiri hapa getini nikakununulie kalamu." Nikachelewa. Niliporudi wenzake wako darasani wanaimba, yeye amekaa nje juu ya jiwe, na mwalimu amembembeleza mpaka amechoka. Kwa hiyo akisema hatoki, hatoki. Wakwe watakaa, watachoka, watapanda gari yao na kurudi na pombe yao.

Rumonge, asubuhi isiyo na basi

Saa moja nilikuwa stendi nimevaa vizuri. Bidoni ya mawese, dumu la lita tano, mkono mmoja, mfuko wa sabuni zetu mkono mwingine. Hizo ndizo zawadi za wakwe. Mtu wa Rumonge hawezi kwenda kuonana na wakwe bila mawese, watamuuliza ametoka Rumonge gani.

Mabasi yalikuwepo, yamepangwa vizuri, na madereva wamelala ndani miguu nje ya madirisha. Esansi, yaani petroli, hakuna. Nikauliza itakuja lini, mmoja akanijibu bila kufumbua macho, "Mama, hata sisi tunaomba Mungu." Basi moja tu lilikuwa na esansi, na lilikuwa limeshajaa hadi watu wanakaa juu ya magoti ya wenzao. Likaondoka mbele ya macho yangu.

Ndipo akaja Evariste. Kwa asiyemjua, Evariste ni mume wa Anisia, kitinda mimba wangu. Anafunga umeme wa jua kwenye nyumba za watu, mtu mpole, hana neno. Nilikuwa na ugomvi naye mmoja tu, na ugomvi huo ni ile pikipiki.

Mnaijua. Yeye anaiita supamoto. Aliinunua kwa mtu aliyekuwa anahama, na akaja nayo anacheka kama aliyeokota ng'ombe. Mimi nikaitazama. Nyembamba kama mbuzi wa kiangazi, ndefu mpaka kiti kinafika kifuani kwangu. Kiti chenyewe kama ubao wa kupigia pasi. Matairi madogo, laini, ya lami tu. Haibebi gunia, haibebi mkungu wa ndizi, huwezi hata kuifanyia teksi, maana abiria atakaa wapi? Nikamwambia Anisia, "Mume wako amenunua baiskeli inayopiga kelele." Nikawa siitazami tena. Miezi minane.

Sasa akasimama hatua tatu mbele yangu, ameinama. "Mama, amahoro. Mimi nina esansi ya kutosha. Hii inakunywa kidogo sana. Nitakupeleka."

Hatua tatu hizo mzielewe. Mimi nimelelewa hivi: mama mkwe na mkwe wa kiume hawagusani, hawali sahani moja, hawakodoleani macho, na mkwe halitaji jina la mama mkwe. Miaka sita ya ndoa yake Evariste hajawahi hata kunipa mkono. Ananisalimia hatua tatu mbali, na mimi nampenda vilevile hatua tatu mbali. Lakini kile kiti hakina hatua tatu. Hakina hata nusu.

Nikarudi nyumbani nikachukua mto wangu wa kulalia, ule wa sufi niliodarizi maua mekundu tukiwa kambini. Nikamwambia, "Huu utakaa katikati."

"Ndiyo, Mama."

"Na hii bidoni ifunge hapo." Nikamwonyesha upande wa kulia, kwa nyuma, pale bomba la moshi linapopanda mpaka karibu na kiti. Palikuwa na nafasi nzuri, kama pametengenezwa kwa ajili ya bidoni.

Akaitazama bidoni, akalitazama bomba. "Mama, labda upande wa kushoto..."

"Upande wa kushoto kuna mguu wangu wa baridi yabisi. Funga hapo."

"Ndiyo, Mama."

Akafunga. Kumbukeni hiyo "labda" yake, tutairudia.

Kupanda kukawa kazi nyingine. Wale madereva waliokuwa wamelala wote wakaamka. Nikaletewa kreti ya soda nikasimama juu yake, Evariste akailaza pikipiki upande kama unavyolaza mbuzi umchinje, nikavuka mguu. "Mama Skola, shikilia usipae!" Nani alisema hivyo namjua, na yeye anajijua. Nikavaa kaske, ile kofia ngumu ya pikipiki, juu ya kilemba changu, mfuko wa sabuni mgongoni, tukaondoka.

Rumonge hadi Minago, mguu nje

Nilimkataza kupita mwendo wa baiskeli. Wenye baiskeli wakatupita. Mmoja amepakia mikungu minne ya ndizi, akatupita huku anasalimia.

Halafu kuna jambo la mguu. Kila tukifika kwenye kona Evariste anatoa mguu mmoja nje, anaunyoosha mbele, kama mbwa aliyekuta ukuta. Kona ya kwanza nikanyamaza. Ya pili nikampigia kaske kwa kidole: "Weka mguu ndani!" Akaurudisha. Kona ya tatu mguu ukatoka tena.

"Evariste! Mguu!"

"Samahani, Mama. Pikipiki hii inaendeshwa hivyo."

"Pikipiki ina mahali pa kuweka miguu. Nimepaona."

Na ile barabara mnaijua, mlima huku, ziwa huku, kona juu ya kona. Mpaka Minago sauti ilinikauka kwa kusema mguu.

Minago mvua ikatukuta. Ikatoka ziwani yote kwa pamoja kama ndoo iliyomwagwa. Evariste akasema matairi yake hayapendani na lami yenye maji, tukajibanza kwa mama mmoja anayeuza chakula chini ya mabati. Nikala ugali wa muhogo na ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, wa kukaangwa na pilipili, na sitaki kuwadanganya, ulikuwa mzuri kuliko wa kwangu. Evariste akachukua sahani yake akaenda kukaa mwisho wa benchi, kanipa mgongo, anakula akitazama ukuta.

Yule mama akatutazama mmoja mmoja. Akanijia na maji ya kunawa. "Mama, amekosa nini?"

"Nani?"

"Mutoto wako. Musamehe tu. Iko na huzuni, ona anavyokula."

"Si mtoto wangu. Ni mkwe wangu."

"Aaa!" Akageuka akampigia kelele, "Baba, sogea kidogo, bado uko karibu!"

Evariste akasogea. Nusu ya kalio ikawa nje ya benchi, na mvua inamnyeshea bega. Wateja wote wakacheka, na mimi nikacheka ndani ya sahani asinione.

Mvua ile ilikula saa mbili nzima. Tulipotoka ilikuwa inakaribia saa tano, na nikaanza kuiona sura ya Nadine amekaa juu ya jiwe.

Bariyeri

Mbele kidogo kulikuwa na bariyeri. Kamba, benchi, polisi wawili. Mmoja kijana, mwingine mtu mzima amekaa anakula karanga. Yule kijana akatusimamisha. Karatasi za Evariste zilikuwa sawa. Lakini ule mto ukamsumbua.

"Huyu mama iko nani yako?"

"Mama mkwe wangu, shefu."

"Jina lake?"

Evariste akainamisha kichwa.

"Nimekuuliza jina lake."

"Ninalijua, shefu."

"Basi sema."

Anatazama mpini wa pikipiki kana kwamba jina langu limeandikwa pale.

"Unabeba mutu hauwezi sema jina yake? Na hii mto iko na nini ndani? Esansi? Watu wanabeba esansi kwa kila kitu siku hizi."

Nikasema, "Ni sufi."

"Mama, sijakuuliza wewe." Akaubonyeza mto, akaunusa, akaniomba niufungue kidogo. Nikafungua mshono kwa pini ya kilemba changu. Upepo wa ziwani ukapita wakati huohuo, na sufi ikamrukia kwenye nyusi, kwenye kofia, mpaka mdomoni. Yule wa karanga akaanza kutikisika benchini.

Mimi muda ulikuwa unaniuma. Nikainua kioo cha kaske. "Kijana, wewe umeoa?"

"Nimeoa, mama."

"Mama mkwe wako anaitwa nani?"

Akafungua mdomo. Akaufunga. Akamtazama mwenzake, mwenzake akawa amelala kabisa kwenye benchi kwa kicheko, karanga zimemwagika chini.

"Mama, endeni," akasema yule kijana, anafuta sufi. "Murakoze, asante. Endeni tu."

Tukaenda. Lakini niseme ukweli, kilomita kadhaa sikumkumbusha mguu. Nilikuwa nafikiri. Mtu huyu angeweza kulala bariyeri kuliko kutamka jina langu. Miaka sita nilidhani hatua tatu zile ni zangu mimi peke yangu nazilinda. Kumbe alikuwa anazilinda zaidi yangu.

Gitaza, harufu ya maandazi

Jua likawa kali. Tulipokaribia Gitaza nikasikia harufu nzuri ya kukaanga. Nikasema moyoni, hawa watu wa Gitaza leo wanapika maandazi. Harufu ikaendelea. Tukapita nyumba, harufu ipo. Tukapita mahali hapana nyumba, harufu ipo vilevile. Nikamwambia Evariste, "Unasikia? Wanakaanga."

"Nasikia, Mama. Hata mimi nimeanza kuwa na njaa."

Ilikuwa ni sisi. Bomba la moshi lilikuwa limeitoboa bidoni. Yale mawese, ambayo asubuhi yalikuwa mazito kama uji, yameyeyuka, yanadondokea kwenye bomba yanakaangika, na mengine yanadondokea kwenye tairi la nyuma. Tairi laini. Mnajua mawese kwenye sakafu yanavyofanya. Sasa wekeni kwenye kona, chini kuna mawe, chini ya mawe kuna ziwa.

Nilihisi nyuma yangu inaondoka bila mimi. Pikipiki ikageuka ubavu, sehemu ya mbele inakwenda Bujumbura, sehemu ya nyuma inakwenda Kongo. Nikasema jina la Bwana. Na katika hiyo hofu nikauona mguu. Ule mguu. Ulikuwa nje umenyooshwa, kiatu kinakwaruza lami, moshi wa soli unatoka, na Evariste amelalia mpini anaurudisha taratibu, kidogo, kidogo, mpaka tukasimama. Tukasimama tumekatisha barabara, tunatazama maji. Hatukuanguka. Soli ya kiatu chake ilikuwa imeisha upande mmoja na damu inatoka kwenye kifundo.

Chini pale kwenye mchanga wanawake walikuwa wanaanika ndagala. Walikuja mbio. Mkubwa wao aliitwa Spesi, sauti kama tarumbeta.

"Mama, uko mzima?"

"Niko mzima."

"Na mlikuwa mnakaanga nini?"

Nikashushwa, nikakaa juu ya jiwe. Nikaitazama bidoni, imesinyaa kama parachichi lililooza. Nikamtazama Evariste, amesimama hatua tatu mbali, mguu unavuja damu.

"Evariste. Asubuhi ulijua?"

"Nilijua, Mama."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Nilisema labda."

"Labda!"

"Wewe ni mama mkwe. Ningekukatalia vipi mbele ya watu?"

Spesi akapiga makofi, akaapa kwa Kirundi. "Yampaye inka! Mkwe mwenye adabu kama huyu atakuzika kwa heshima zote!"

Wanawake wakacheka mpaka wakashikana. Mimi sikucheka. Saa ile ilikuwa saa saba na nusu, na simu ikalia. Kaka yangu.

"Uko wapi? Wakwe wameshuka kwenye gari."

"Niko Gitaza. Anza kuzungumza."

"Nizungumze nini muda wote huo?"

"Ng'ombe. Zungumza ng'ombe, polepole."

Nikakata simu. Nikafungua mfuko wa sabuni. Sabuni ya mawese kuondoa mawese, hiyo kazi hakuna wa kunifundisha. Wanawake wawili wakaishika pikipiki nyuma wakainyanyua kama sufuria. "Iko nyepesi kama mbuzi!" Wakaikalisha juu ya sanduku la samaki, tairi likabaki hewani. Spesi akaleta majivu, mwingine maji ya ziwa kwa ndoo, nikakunja kitenge nikapiga magoti. Majivu, mchanga, sabuni, maji. Tena. Evariste anazungusha tairi, sisi tunasugua. Nimeogesha watoto wanane maishani mwangu na hakuna aliyesuguliwa namna ile. Sabuni sita ziliisha. Mwishowe nikapitisha kiganja juu ya tairi, kikakwama. Safi.

Sabuni zilizobaki nikawapa wale wanawake. Spesi akasema huwezi kwenda kwa wakwe mikono mitupu, akanifungia ndagala wakavu kwenye karatasi, furushi kubwa kama kichwa cha mtoto. Nikachana kipande cha kitenge changu cha ndani nikamtupia Evariste afunge mguu. Halafu nikamwambia, mbele yao wote wasikie:

"Kuanzia leo ukiona nakosea, sema. Usiseme labda. Sema hapana."

"Ndiyo, Mama."

"Na mguu..."

"Mguu niweke ndani?"

"Utoe. Utoe kadiri unavyotaka. Na unaweza kwenda haraka?"

"Mama, lab..." Akajishika. "Ndiyo. Naweza."

Mawe

Mimi sikujua kama kitu kile kinaweza kukimbia hivyo. Kona zinakuja, kinalala, kinainuka, kinalala, na mimi nimeanza kulala pamoja nacho. Sitasema nilifurahi. Nitasema sikupiga kelele.

Mbele tukakuta foleni. Mvua ya asubuhi iliangusha mawe ya mlimani yakaziba barabara. Malori, magari, na lile basi la Rumonge lililoniacha stendi, abiria wote wako nje wanakula mahindi. Wakaniona. Wakaanza, "Mama, hata wewe umefika? Karibu, kaa, mpaka kesho!"

Katikati ya mawe na ukingo kulikuwa na njia ya mtu mmoja na kikapu. Nikamwambia Evariste, "Pita hapo. Mimi nitakaa juu hivi hivi, kupanda tena ni shida."

Akageuka. "Hapana, Mama. Hapa shuka."

Nikashuka. Ndiyo mara ya kwanza mwanaume huyo kuniambia hapana, na mimi nikatii. Akaisukuma mwenyewe, akainyanyua gurudumu la mbele juu ya jiwe moja, la nyuma juu ya lingine, kama mtu anayebeba kitanda. Mimi nyuma na ndagala na mto. Upande wa pili nikapanda kupitia boneti la gari la mtu, kwa ruhusa yake, nikawapungia mkono wale wa mahindi.

Kanyosha

Tulifika saa tisa na nusu. Nje ya ua nikasikia sauti ya Leonidas, imekwaruza kabisa. Alikuwa amefika kwa ng'ombe wa babu wa babu yetu, pembe zake zilivyokuwa, alikunywa maji mto gani, alikuwa na doa wapi. Watu wa mchumba wamekaa wima kama wanaongoja daktari. Msemaji wao, mzee mwenye tai ya kijani, alikuwa ameshavaa kofia yake.

Kaske ikakataa kutoka. Kilemba kilivimba ndani yake kwa jasho, nikavuta, Evariste anatazama tu, hawezi kunishika kichwa. Nikasema basi. Nikapita katikati ya watu wote hivyo hivyo, kaske kichwani, mawese mpaka magotini, mto kwapani, nikaingia chumbani.

Nadine alikuwa amekaa kitandani, kavaa mavazi ya sherehe, mikono mapajani. Shangazi wawili wamechoka pembeni yake.

"Umechelewa, Bibi."

"Nimechelewa. Simama."

Akasimama. Nikamshika mkono, tukatoka. Wanawake wakapiga vigelegele, na Leonidas akakaa chini katikati ya sentensi, ng'ombe akabaki mtoni.

Yule mzee wa tai ya kijani alivua kofia. Akanitazama kuanzia kaske mpaka viatu. Akasema, "Tuliambiwa tunakwenda kwa watu wa Rumonge, tutaletewa mawese. Hatukujua yangekuja yamevaliwa."

Hata Nadine alicheka, yeye ambaye hakutakiwa kucheka. Alipokubali posa, kwenye mkono wa nguo yake nyeupe kulikuwa na alama tatu za vidole vyangu, rangi ya machungwa. Shangazi alitaka kuzifuta kwa kitambaa. Nadine akauvuta mkono wake.

Ndagala wa Spesi walisifiwa. Kaske ilitoka jioni, kwa sabuni ya kuazima.

Kurudi

Jumatatu asubuhi Evariste akaileta supamoto mlangoni. Nikautafuta mto wangu. Nadine alikuwa ameukumbatia.

"Bibi, huu naubakiza. Nililalia huu kambini, na utaingia nyumbani kwangu."

Ulikuwa umepungua sufi kwa ajili ya yule polisi, lakini Nadine alikuwa ameshaushona. Nikamwachia.

Evariste akaanza kuangaza macho uani. "Mama, nikatafute mto mwingine? Jirani anaweza kuwa na..."

"Mto wa nini? Lete kreti."

Nikapanda. Mwanzo nilishika chuma cha nyuma. Kona ya kwanza baada ya Kabezi nikashika koti lake. Gitaza tukapiga honi, Spesi akapunga kikapu, na pale kwenye kona yetu nikamshika kiuno, mikono miwili, nikafunga vidole. Mguu wake ukatoka nje, ukarudi.

Tukaja mpaka pale nyumba za kwanza za Rumonge zinapoonekana. Akapunguza mwendo karibu kusimama.

"Mama, tunafika. Sokoni kuna watu. Nimepunguza ili upate kuniachia."

Nikawaona nyinyi, mmejipanga na mabeseni yenu, macho nje.

"Hapana," nikamwambia. "Ongeza."

Akaongeza.